Nantes au Chantenay? Mizani Ndiyo Iamue



Aina za karoti zinazotajwa zaidi kuanzia Kinangop hadi Ol Kalou ni Nantes na Chantenay, na kila msimu ubishi ni uleule: ipi inazaa zaidi? Ubishi huo hauishi kwa sababu mazao huhesabiwa kwa magunia, tena mengine ya lumbesa. Gunia lenye kilemba halina kipimo. Anayenufaika na hesabu hiyo ni dalali, na mkulima anabaki bila kujua ni mbegu gani iliyomlipa.

Nantes ni ndefu, ncha yake ni butu, kiini chake ni chembamba na utamu wake unajulikana. Lakini inataka udongo laini uliolimwa kwa kina. Kwenye udongo mzito hujipinda, na huvunjika upesi wakati wa kung'oa. Chantenay ni fupi, pana juu na imechongoka chini. Huvumilia udongo mzito kuliko mwenzake, na hustahimili misukosuko ya lori. Kwa hivyo jirani anayesifu Nantes huenda hadanganyi. Udongo wake si wako.

Pandeni matuta mawili yenye ukubwa sawa, siku moja, kwa mbolea ileile. Samadi mbichi isitumike, maana hufanya karoti iote panda. Miche ipunguzwe ili ibaki nafasi ya sentimita 5 hadi 8. Kazi hii inachosha mgongo na wengi huikwepa, kisha wanalaumu mbegu kwa karoti nyembamba kama penseli. Zikikomaa, kwa kawaida baada ya miezi 3 hadi 4, kateni majani na mpime kwa kilo zile zinazouzika. Zilizopasuka na zenye panda zipimwe kando. Hapo ndipo aina yenye uzito mkubwa shambani inaweza kushindwa sokoni.

Kuhusu lishe, kateni karoti katikati. Rangi ya machungwa inatokana na beta karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, muhimu kwa macho na kinga ya watoto. Rangi iliyokolea hadi kwenye kiini ni dalili nzuri; kiini kilichopauka ni dalili ya upungufu. Karoti nyeupe karibu haina beta karotini kabisa. Hata aina bora iking'olewa changa ili kuwahi bei, inakuwa haijajaza rangi wala uzito.

Jikoni, ipikwe kwa mafuta kidogo, kwani mafuta husaidia mwili kufyonza beta karotini. Na zile zenye panda ambazo soko limezikataa zina lishe ileile. Zisitupiwe ng'ombe zote.

Asiye na mizani azungumze na afisa wa kilimo wa wadi yake kabla ya kuvuna, si baada ya lori kuondoka.