Karo za Vyuo Vikuu na Mtu wa Kati
(Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, Kehancha)



Neno letu leo ni juu ya watoto wa watu wa kati: mwalimu, muuguzi, karani.

Mwaka 2023 Serikali ilianzisha mpango mpya wa karo, ambao baadaye uligawa jamaa katika madaraja matano kwa kadiri ya uwezo. Daraja la kwanza lilipewa ufadhili wa asilimia 70, na mzazi kutoa 5. Daraja la tano lilipewa 30, na mzazi kutoa 40. Sehemu iliyobaki ni mkopo. Desemba 2024 Mahakama Kuu ilitamka kuwa mpango huo ni kinyume cha Katiba; mwaka 2025 Mahakama ya Rufani ikaisimamisha hukumu hiyo kwa muda.

Hatunung'uniki kwamba maskini amepewa zaidi. Ni haki yake. Lakini mshahara wa mwalimu huonekana katika karatasi, na wengi anaowalisha hawaonekani: mama mjane, wana wa marehemu nduguye. Mwenye ng'ombe wengi hana karatasi ya mshahara.

Twashauri mambo mawili. Kamati na imsaidie kila mzazi kuandika rufaa juu ya daraja la mwanawe, akiwataja wote anaowatunza. Tena Mfuko wa Chama usimnyime mtoto msaada kwa sababu babaye ana kazi. Abebaye wengi naye huchoka, tumpokee mzigo.