Anayefungua Mlango Asubuhi Ndiye Mkaguzi wa Kwanza



Katiba ya 2010 ilizikabidhi kaunti huduma za zimamoto. Lakini gari la zimamoto huja moto ukishawaka, na safari ya kutoka mjini Homa Bay hadi Mbita, au Migori hadi Macalder, si ya dakika mbili. Kuzuia moto ni kazi ya walio ndani ya jengo.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri atathmini hatari zilizo mahali pa kazi. Kanuni za kupunguza hatari ya moto za mwaka huohuo zinataka wafanyakazi wafunzwe kutumia vifaa vya kuzimia moto, wafanye mazoezi ya kuondoka, na pawe na ukaguzi wa kila mwaka wa mkaguzi aliyeidhinishwa. Wengi husikia neno mkaguzi wakadhani yamekwisha. Mkaguzi huja, akaenda. Siku zinazobaki ni za karani wa stoo, fundi, mpishi na bawabu.

Anayefunzwa hahitaji kuanza na fomu. Anatembea kutoka langoni hadi choo cha nyuma akijiuliza: nini hapa kinaweza kushika moto, nini kinaweza kukiwasha, nani yumo ndani, na atatokea wapi? Kisha anaandika, pamoja na jina la atakayerekebisha na siku. Hatari isiyoandikwa husahaulika kabla ya saa sita mchana.

Kwenye viwanda vya sukari, kama vya Awendo na Ndhiwa, makapi ya miwa yaliyorundikwa huweza kupata joto ndani kwa ndani bila mtu kuwasha kiberiti. Ufuoni, mtungi wa petroli ya boti hukaa kando ya nyavu za nailoni, na pengine jiko la chai liko hatua tatu tu. Dukani ni ekstensheni moja inayobeba friji, feni na chaja kumi. (Moto wa umeme haumwagiwi maji; kwanza zima swichi kuu, kama inafikika.)

Hatari inayosumbua kuliko zote ni kufuli. Mwenye duka hufunga mlango wa nyuma kwa kuogopa wezi, na hofu hiyo ina sababu. Lakini katika shule ya Kyanguli, Machakos, Machi 2001, mlango mmoja wa bweni ulikuwa umefungwa na madirisha yalikuwa na vyuma. Wavulana 67 walikufa. Komeo linalofunguka kwa ndani bila ufunguo humzuia mwizi na halimfungii mfanyakazi.

Nani atamwambia mwenye duka? Kibarua wa siku huona kufuli akanyamaza, asije akakosa kazi kesho. Sheria hiyohiyo inamkataza mwajiri kumfukuza mfanyakazi kwa sababu tu amelalamikia usalama, ila wengi hawajaisikia. Ndiyo maana mafunzo bila bosi ni nusu ya mafunzo: naye akae darasani, kisha atie sahihi kwenye orodha. Penye wafanyakazi 20 au zaidi, sheria inataka kamati ya usalama, na orodha hupelekwa huko. Penye wawili, iwekwe mezani wakati wa chai ya saa nne.