Dharura Iwe na Mwisho: Viuatilifu, Bustani za Mboga na Njia Kuu ya Tabora



Nimepewa mada ya vibali vya dharura vya viuatilifu kwenye mazao ya mboga. Kibali cha namna hii hutolewa pale mdudu anapoingia ghafla na dawa zilizosajiliwa hazimwezi. Serikali huruhusu dawa ambayo haijasajiliwa kwa zao hilo itumike kwa muda, majaribio yakiendelea. Katika Umoja wa Ulaya muda huo hauzidi siku 120. Nchini Marekani, kifungu cha 18 cha sheria yao ya viuatilifu kinaruhusu mwaka mmoja, au hadi mitatu mdudu akiwa wa karantini. Kila mtu huuliza kibali kitatoka lini. Mimi naomba tuulize kitakwisha vipi. Hiyo ndiyo hoja yangu, na ushahidi wake uko kwenye njia yetu wenyewe, ile inayotoka Ujiji, ikakata Tabora na kuishia Bagamoyo.

Njia hii tumezoea kuisimulia kwa pembe, watumwa, nguo na shanga. Wadudu nao walikuwa wasafiri wake. Funza wa miguuni alishuka Angola mwaka 1872 kwa meli iliyotoka Brazili. Akavuka bara zima katika nyayo za wapagazi na askari, na kabla ya karne ya 19 kumalizika alikuwa ameshafika upande wa Zanzibar. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912, na Kigoma miaka miwili baadaye, safari ya miezi ikawa ya siku. Penye watu na mizigo, mdudu hakosi nafasi.

Mwaka 1981 zamu ilikuwa ya Tabora kumpokea mgeni. Wataalamu waliripoti kwa mara ya kwanza barani Afrika mdudu wa ghalani mwenye asili ya Meksiko na Amerika ya Kati, na mahali alipoonekana ni mkoa huu. Wakulima wakamwita dumuzi, wengine Scania. Ana urefu wa milimita tatu hadi nne tu, lakini hutoboa mahindi yaliyo bado kwenye magunzi, hutoboa muhogo mkavu, hutoboa hata mbao za kihenge. Katika maghala ya wakulima wa mkoa huu, hasara ilifika hadi theluthi ya uzito wa mahindi ndani ya miezi michache. Mwaka 1983 alikuwa ameshaonekana Taita-Taveta nchini Kenya, na mwaka uliofuata Burundi.

Tazameni jinsi dharura ile ilivyoshughulikiwa. Dawa iliyozoeleka ilimuua fukusi tuliyemzoea ghalani lakini haikumtosha dumuzi, na kiambato kilichomuua dumuzi kilikuwa dhaifu kwa fukusi. Ikatengenezwa dawa ya unga yenye vyote viwili, ikasambazwa pamoja na shauri moja lililo wazi: usihifadhi mahindi na magunzi yake, pukuchua, changanya na dawa, ndipo uweke. Adui alitajwa kwa jina, namna ya kutumia dawa ilifundishwa, na desturi ya kuhifadhi ikabadilishwa. Wakati huohuo watafiti walikwenda Amerika ya Kati kumtafuta mdudu anayemla dumuzi, na mwaka 1992 akaachiwa nchini Kenya. Hata hivyo, miaka zaidi ya 40 imepita na mkulima wa Urambo bado ananunua dawa ya unga kila msimu. Dharura iliyoandaliwa vizuri namna ile nayo imegeuka kuwa matumizi ya kawaida.

Sasa twende magharibi, hadi Malagarasi, mto ambao misafara iliuvuka baada ya kulipa hongo. Bonde lake ni mojawapo ya mazalia ya nzige wekundu. Mwaka 2009 nzige waliongezeka huko na kwenye mbuga za Katavi. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, pamoja na shirika la kanda la kudhibiti nzige wekundu, lilirusha ndege iliyonyunyiza chembechembe za kuvu anayeua nzige, zikiwa zimechanganywa na mafuta. Ilikuwa mara ya kwanza Afrika kutumia kiuatilifu hai dhidi ya nzige kwa kiwango kikubwa. Kuvu huyo huchukua wiki moja au zaidi kuua, kwa hiyo aliyetaka kuona nzige wakidondoka papo hapo hakuridhika. Lakini makundi yalizuiwa, na bonde lile la samaki na ndege halikuachiwa sumu. Anayetuambia kwamba wakati wa dharura hakuna nafasi ya kuchagua, tumkumbushe Malagarasi.

Upande wa pili, karibu na mwisho wa njia, kuna Vikuge wilayani Kibaha. Mwaka 1986 shamba la serikali pale lilipokea shehena kubwa ya viuatilifu vya msaada kutoka Ugiriki, vingine vikiwa vimekwisha muda wake. Viliwekwa bandani, banda likaanguka, sumu ikaingia ardhini. Watafiti waliochimba udongo miaka mingi baada ya shehena kuondolewa bado waliikuta. Msaada uliandikiwa tarehe ya kupokelewa. Tarehe ya kuondoa masalio haikuwepo.

Nimefika kwenye mboga. Mwaka 2014 aliingia nchini kupitia mikoa ya kaskazini nondo mdogo wa Amerika Kusini ambaye tangu mwaka 2006 alikuwa ameisumbua Hispania, kisha Afrika Kaskazini. Wakulima walimpa jina la kanitangaze. Chuma jani la nyanya lililopauka, ulielekeze kwenye jua. Utaona baka jeupe kama karatasi, punje nyeusi za kinyesi, na katikati yake kiwavi wa kijani akijongea baina ya ngozi mbili za jani. Dawa inayobaki juu ya jani haimfikii. Jike mmoja hutaga hadi mayai 260, na kwenye joto kama letu vizazi 10 au 12 hupishana ndani ya mwaka. Asipodhibitiwa, shamba zima huweza kupotea.

Kwa mdudu wa hivyo, kutaka kibali cha haraka ni haki ya mkulima. Lakini mboga si mahindi ya ghalani wala nzige wa mbugani. Mahindi yaliyotiwa dawa hukaa miezi kabla ya kusagwa. Nyanya huchumwa kila baada ya siku chache kwa wiki kadhaa, na mtu huila mbichi kwenye kachumbari. Lebo ikisema subiri siku saba au 14 kabla ya kuvuna, mkulima ambaye tenga lake linasubiriwa na mchuuzi keshokutwa atafanya nini? Atapulizia leo, achume kesho. Na dawa ikipungua nguvu ataongeza kifuniko kimoja kwenye bomba, kisha viwili, kisha atachanganya dawa tatu kwa pamoja. Hapo ndipo usugu unapozaliwa, na kanitangaze amekwisha kuonyesha usugu dhidi ya makundi kadhaa ya dawa duniani. Kibali kisichoweza kufuatwa na mtu anayechuma kila siku ya tatu kimeandikwa kwa ajili ya kabati la ofisi.

Kuna nyuki pia. Asali ya Tabora inatoka kwenye miombo, na bustani nyingi za mabondeni ziko jirani na mizinga. Nchi za Ulaya zilizuia aina tatu za dawa zinazoua nyuki zisitumike mashambani mwaka 2018, kisha baadhi ya nchi hizo zikawa zinazirudisha kila msimu kwa kibali cha dharura, hadi Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilipoamua, Januari 2023, kwamba mbegu zilizotiwa dawa zilizopigwa marufuku haziwezi kupitishwa kwa mlango huo. Kinachorudi kila mwaka kwa tarehe ileile kimeshakuwa desturi, na kiitwe hivyo.

Sisi tunayo Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020, na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu yenye makao yake Ngaramtoni, Arusha, iliyorithi kazi za taasisi ya viuatilifu iliyoundwa mwaka 1979. Chombo kipo. Napendekeza kila kibali cha dharura kwa zao la mboga kitaje mdudu mmoja, zao moja na wilaya zinazohusika, ili dawa iliyoletwa kwa tumbaku ya Urambo au pamba ya Igunga isihamie kwenye mchicha. Dawa ambayo siku zake za kusubiri zinazidi nafasi kati ya mchumo na mchumo isiruhusiwe kipindi cha kuvuna. Mwagizaji aliyeileta alazimishwe kwa maandishi kukusanya chupa na masalio kibali kikiisha. Na siku kibali kinaposainiwa, itengwe fedha ya mitego ya harufu, ya kufundisha maafisa ugani na ya kutafuta adui wa asili wa mdudu huyo, kama ilivyofanyika kwa dumuzi, ila mara hii tusisubiri miaka kumi hadi aachiwe.

Wapo watakaosema masharti haya yatachelewesha msaada wakati nyanya zinateketea. Masharti yanaandikwa kabla mdudu hajafika, na mdudu mwingine yuko njiani. Lori lililobeba matenga linaingia Tabora alfajiri bila kukaguliwa majani yaliyotandikwa chini ya nyanya. Tuanzie hapo, halafu tukae na Mamlaka tuandike masharti hayo msimu huu, kabla hatujabanwa.