Rekodi sita zilizotuvusha mwaka

Mazungumzo ya mwisho wa mwaka, kutoka studio ya Kigali

(MUZIKI WA KUFUNGUA KIPINDI. UNASIKIKA KIDOGO, KISHA UNASHUKA CHINI YA SAUTI YA MTANGAZAJI)

 Popote ulipo, Kiziba, Nyabiheke, Kigeme, Mugombwa au Mahama, karibu. Kama unatusikia hewani, ongeza sauti kidogo ili jirani naye asikie. Na kama umeshika karatasi hii kwenye kikundi cha wasikilizaji na wewe ndiye msomaji wa leo, soma polepole, maana wenzako wanakutegemea.

Leo hatuzungumzii mgao, wala chanjo, wala kuandikisha watoto waliozaliwa. Hayo yamejaza mwaka mzima na wiki ijayo yatarudi. Leo ni zamu ya muziki. Mwaka unapokwisha, watangazaji wa redio nyingi duniani hukaa chini wakachagua rekodi walizozipenda kuliko zote. Na sisi tumekaa, tumebishana, tumechagua sita.

Nianze kwa kukwambia tulivyochagua. Kwanza, hatukutaka rekodi iliyotoka mwaka huu tu. Mtu aliyeacha nyumba yake usiku hahesabu nyimbo kwa tarehe ya kutoka. Anauliza: ni wimbo gani ulionivusha mwaka huu? Ndiyo maana katika orodha yetu kuna rekodi ya 1952.

Pili, tulijiwekea sharti moja. Wimbo uwe ule ambao mama wa Masisi anaweza kuupiga mlangoni kwake, na jirani yake aliyetoka Muyinga asione kwamba amesemwa. Pengine utasema hilo ni jambo dogo. Hapa Kigali si dogo. Mwaka 1994 kulikuwa na redio katika mji huu, RTLM, iliyochanganya muziki wa kuchezesha na maneno ya kuua. Watu walivutwa na wimbo, kisha wakasikia jina la jirani yao likitajwa. Mwanamuziki Simon Bikindi, ambaye nyimbo zake zilipigwa sana kwenye redio hiyo, alihukumiwa Desemba 2008 na mahakama ya kimataifa iliyokuwa Arusha. Alipewa kifungo cha miaka 15. Kosa lililomtia hatiani ni maneno aliyoyasema kwa kipaza sauti cha gari mwezi Juni 1994, akiwahimiza watu waue. Lakini majaji walisema pia kwamba baadhi ya nyimbo zake zilitungwa kuchochea chuki.

Kwa hiyo mtangazaji wa Kigali anapochagua wimbo, ana kazi kubwa kuliko kufurahisha watu tu. Nasi tulichagua tukikumbuka hayo. Sasa twende.

(GITAA MOJA, BILA NGOMA. SEKUNDE 20, KISHA LINASHUKA)

Rekodi ya kwanza ni "Masanga" ya Mwenda Jean Bosco. Mwaka 1952 Hugh Tracey, mtu aliyezunguka Afrika na mashine ya kurekodi, alifika Jadotville, mji wa Katanga ambao leo unaitwa Likasi. Akamkuta kijana na gitaa lake. Akamrekodi. Ni mtu mmoja na gitaa moja, lakini ukisikiliza utaapa wapo wawili: kidole gumba kinatembea chini kama mtu anayekwenda kazini, na kidole cha shahada kinacheza juu kama mtoto anayemfuata nyuma. Rekodi hiyo ilipata tuzo ya muziki bora wa Kiafrika wa mwaka. Baadaye Mwenda alikwenda Nairobi, na vijana wa Kenya wakakaa mbele yake kuiba mwendo wa vidole vile. Alizoea kuimba kwa Kiswahili cha Katanga, kile ambacho wengine hukicheka wakisema si Kiswahili sanifu. Basi wewe unayechekwa darasani au kwenye foleni kwa sababu ya Kiswahili chako cha Kongo, kumbuka kwamba gitaa la Afrika Mashariki lilijifunza kutembea kwa lugha hiyo.

Mwaka huo huo wa 1952, Tracey alifika hapa Rwanda akarekodi ngoma za Mwami huko Nyanza, enzi za Mutara Rudahigwa. Hazikuwa ngoma za harusi wala za sikukuu ya mtu yeyote. Zilikuwa ngoma za enzi. Miaka tisa baadaye, 1961, ufalme ukafutwa. Ngoma zile hazikupigwa tena katika utaratibu ule, kwa sababu kiti zilichokuwa zikikitumikia hakikuwapo. Lakini sauti yake ipo mpaka leo kwa kuwa mtu alifika na mashine kabla ya muda kwisha. Weka jambo hilo moyoni, nitalirudia.

Rekodi ya pili ni albamu "Sambolera" ya Khadja Nin, binti wa Bujumbura. Ilitoka 1996, Burundi ikiwa katika vita vilivyoanza 1993, na mwenyewe akiwa mbali, Ulaya. Angeweza kuimba kwa Kifaransa peke yake, na Ulaya ingemsikia haraka zaidi. Akaimba na Kiswahili. Katika albamu hiyo kuna wimbo "Sina Mali, Sina Deni", ambao aliutoa katika wimbo wa Stevie Wonder wa Marekani akauvalisha Kiswahili. Jina lake peke yake linatosha. Wangapi kati yetu tunaweza kusema nusu ya kwanza bila shida, na nusu ya pili tunaiombea dua?

Rekodi ya tatu ni "Haturudi Nyuma", wimbo wa Kidum akiwa na Juliana Kanyomozi wa Uganda. Ni wimbo wa mapenzi, na najua umepigwa kwenye harusi nyingi za kambini. Lakini mtangazaji mwenzangu aliyeupigania alikuwa na sababu nyingine. Kidum ni mpiga ngoma wa Bujumbura aliyekimbilia Kenya mwaka 1995. Alifika Nairobi akiwa mkimbizi. Hakungoja arudi nyumbani ndipo awe mwanamuziki. Alipiga ngoma alipokuwa, akaimba kwa Kirundi ili wa nyumbani wamsikie, akaimba kwa Kiswahili ili waliompokea wamwelewe. Kijana wa Mahama unayesema maisha yako yataanza siku utakapoondoka kambini, sikiliza wimbo huo mara mbili.

(MUZIKI UNAPANDA, UNASHUKA)

Ya nne ni ya huku kwetu: albamu "Twaje" ya Yvan Buravan. Mwaka 2018 Buravan alishinda tuzo ya vipaji vipya vya Afrika inayotolewa na redio ya Ufaransa, RFI. Angeweza kuendelea na mapenzi ya kisasa yaliyompa jina. Badala yake alirudi kwa wazee, akachukua midundo na miito ya zamani ya Rwanda, akaiweka katika nyimbo ambazo vijana wangeweza kuzicheza. Twaje ni Kinyarwanda, maana yake tumekuja. Ilitoka 2022, na Agosti mwaka huo huo Buravan akafariki kwa saratani, akiwa na miaka 27. Alikwenda kwa wazee mapema, naye ndiye aliyetangulia. Hatuna neno la kuongeza.

Ya tano, kwa vijana, maana najua mmeanza kupiga miayo: "Yope", toleo la Innoss'B na Diamond Platnumz la 2019. Innoss'B ni mtoto wa Goma. Diamond ni wa Dar es Salaam. Video yake imetazamwa zaidi ya mara milioni 100. Tumeichagua kwa sababu rahisi. Mji wa Goma ukitajwa kwenye taarifa ya habari, mara nyingi ni kwa vita, kwa volkano au kwa watu wanaokimbia. Hapa Goma inatajwa kwa sababu ya mtu anayejua kucheza. Mtoto aliyezaliwa Kigeme, ambaye hajawahi kuiona Kivu ya wazazi wake, ana haki ya kuijua kwa furaha pia.

Ya sita ndiyo inayonileta kwenye neno langu la leo. Ni albamu ya 2019 ya kikundi cha Rwanda kinachoitwa The Good Ones, yenye jina "Rwanda, You Should Be Loved", yaani Rwanda, unastahili kupendwa. Hawa ni wakulima. Albamu hiyo haikurekodiwa studio. Ilirekodiwa shambani kwa mwimbaji wao, Adrien Kazigira, mahali pasipo na umeme. Sauti mbili zinashikana kama watu wanaovushana mto, na gitaa.  Imesikilizwa Ulaya na Marekani, na aliyeimba akaendelea kulima.

Msikilizaji, unaona ninakokwenda. Kiziba ilifunguliwa 1996. Mtoto aliyezaliwa humo mwaka ule sasa ni mtu mzima mwenye watoto. Gihembe ilifungwa mwaka 2021, watu wakahamishiwa Mahama. Leo Mahama Mkongo na Mrundi wanachota maji bomba moja. Katika mahamisho yote hayo watu walibeba magodoro, sufuria na karatasi zao. Nyimbo zilibebwa na wazee, vichwani mwao. Kuna bibi hapo kwenu anayejua wimbo wa kumtoa bibi arusi nyumbani kwa baba yake, kama ulivyoimbwa Rutshuru au Masisi. Kuna mzee anayejua wimbo wa kuita ng'ombe jioni, wakati hana ng'ombe hata mmoja. Hakuna Tracey anayekuja na mashine. Mashine iko mfukoni mwako.

Kwa hiyo rekodi ya saba tumeiacha wazi. Ni yako. Nakupa maelekezo mafupi.

Omba ruhusa kwanza. Mwambie mzee unataka kufanya nini na sauti yake, na nani ataisikia. Akikataa, mshukuru, yaishe. Wimbo ni mali yake.

Chagua ndani ya nyumba, si nje. Upepo huharibu rekodi kuliko kitu chochote. Mabati nayo hupiga kelele mvua ikinyesha, kwa hiyo ngoja ikatike. Tandika blanketi chini au litundike ukutani; sauti itatulia.

Weka simu juu ya kitu, karibu mkono mmoja kutoka mdomoni mwa mwimbaji. Usiishike, vidole vinasikika. Zima mlio wa simu. Jaribu kwanza kwa nusu dakika, usikilize, ndipo mwanze.

Kabla ya wimbo, sema lugha yake, unaimbwa wakati gani, na mzee aliujifunza wapi. Bila maneno hayo, baada ya miaka 20 mtu atasikia sauti nzuri asijue ni ya nini. Jina la mzee litajwe tu kama mwenyewe anataka. Wapo wenye sababu za kutotaka kujulikana walipo, na sababu hizo usimuulize.

Ukimaliza, usiiache kwenye simu moja. Simu huibiwa, huanguka majini, huuzwa shida ikiingia. Mrushie mtoto wa mzee, mrushie jirani, weka nyingine kwenye memori kadi. Ukipenda tuisikie sisi, mpe kiongozi wa kikundi chako cha wasikilizaji. Atatufikishia bila wewe kutumia vocha yako.

Na lile sharti letu linabaki. Wimbo unaosifu kwenu, leta. Wimbo wa kilio, leta. Wimbo unaomtukana mtu wa kabila au nchi nyingine, hata ukiwa na mdundo mtamu, huo hatutaupiga. Mji huu ulishausikia.

(MUZIKI WA KUFUNGA UNAANZA TARATIBU)

Kabla hatujaagana, haya ni maswali ya kikundi chako. Ni wimbo gani uliokuvusha mwaka huu, na ulikuwa unavuka nini? Ni nani hapo kambini anayejua wimbo ambao hakuna mwingine anayeujua? Na nani kati yenu atakwenda kumtembelea kabla ya wiki kwisha?

Swali la tatu msilijibu kwa jumla. Andikeni jina la atakayekwenda, na siku.

Kutoka Kigali, mimi mtangazaji wenu nawatakia mwaka mpya wa amani. Tukutane wiki ijayo, wakati na masafa yale yale.

(MUZIKI UNAPANDA HADI MWISHO)