Tusishushiane Bei Mlangoni mwa Kazi

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama wa tawi, Dar es Salaam)



Tumeombwa tuseme habari ya kutafuta kazi. Hatutawadanganya kuwa kazi zimejaa tele. Nyote mwajua ya kuwa nafasi moja ikitangazwa huombwa na watu wengi, na wote wana vyeti. Twataka kusema juu ya desturi yetu ya kushushiana bei.

Tazameni malango ya viwanda na mahali pa ujenzi alfajiri. Mnyapara hutoka akasema anataka watu kumi, na waliosimama ni hamsini. Mmoja husema atapokea ujira wa jana. Wa pili husema yeye atapokea pungufu. Wa tatu humtilia mnyapara kitu mkononi. Jua likipanda, ujira wa wote kumi umekwisha kushuka, na tajiri bado hajafungua kinywa. Tumeushusha sisi.

Wazee wetu waliyaona haya. Watu walisafirishwa kutoka mbali kwenda mashamba ya mkonge kwa mkono wa SILABU, ofisi ya waajiri iliyoanzishwa mwaka 1944, nao wakaitwa manamba. Hapa bandarini makuli wengi walikuwa vibarua wa kungoja kuchaguliwa siku kwa siku. Mmoja mmoja hawakusikilizwa. Mwaka 1947 waligoma pamoja, mgomo ukafuata njia ya reli mpaka bara, na ujira wao ukaongezwa.

Leo iko Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, nayo yamlinda mtu hata kabla hajaajiriwa. Katika kifungu cha 7, kinachokataza ubaguzi, neno mfanyakazi latia na mwombaji kazi. Basi binti akinyimwa kazi kwa sababu ya mimba, au kijana kwa sababu ya kabila lake, sheria imevunjwa. Aliyeajiriwa ana haki ya kupewa maelezo ya kazi yake kwa maandishi. Saa za kawaida hazizidi 9 kwa siku wala 45 kwa juma. Kuuliza mambo haya kwa adabu si ukorofi, ingawa vijiweni twatishana kuwa aulizaye hufukuzwa.

Tena, Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma hupokea maombi kwa mtandao. Anayewaambia anayo njia ya pembeni, ati mtoe fedha kidogo, huyo ni tapeli hata akivaa tai.

Na barua zenu! Tumezisoma nyingi, zafanana kama zimepigwa muhuri mmoja. Yuko kijana aliyeshika duka la shangazi yake miaka miwili: amehesabu mali, amekopesha, amedai, hela haikupotea. Kisha kwenye karatasi aandika kwamba hana uzoefu. Aandike duka!

Ndugu wawili wenye kompyuta wamekubali kuketi hapa tawini Jumamosi kuanzia saa nne. Mwenye cheti aje nacho. Asiye nacho aje na orodha ya kazi alizofanya, hata za kibarua, na jina la mtu aliyemsimamia. Wale wa malango ya viwanda tungependa wabaki baadaye, tukubaliane juu ya ujira ambao chini yake hakuna atakayeingia.