Bwana Abul Hussam na Maji ya Visima

Hotuba hii yamhusu Bwana Abul Hussam, mtu wa Kushtia katika nchi ya Bangladesh.

Alisoma kemia Dhaka, kisha akaenda Marekani, akapata shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Pittsburgh, na baadaye akawa profesa wa Chuo Kikuu cha George Mason, Virginia. Fani yake ni ile ya kupambanua vitu: kujua ndani ya kitu mna nini, tena kwa kadiri gani. Wengi huidhani kuwa elimu ya chupa na moshi tu.

Tangu miaka ya 1970 watu wa Bangladesh walichimbiwa visima vya bomba, vikafika mamilioni, ili waepukane na maradhi ya maji ya madimbwi. Nia ilikuwa njema. Lakini mwaka 1993 ikathibitika kuwa baadhi ya visima hivyo vina aseniki, sumu itokayo ardhini, isiyo na rangi, harufu wala ladha. Mtu huinywa miaka mingi, ndipo ngozi ifanye madoa, viganja viwe vigumu, na mwisho huenda akapatwa na saratani. Shirika la Afya Duniani halikubali zaidi ya mikrogramu 10 katika lita moja. Jicho litaonaje kitu hicho? Bwana Hussam alitengeneza chombo cha kuipima, na hata visima vya jamaa zake wenyewe havikusalimika.

Kupima hakumtoshi mwenye kiu. Kwa miaka kadhaa alijaribu, akisaidiwa na nduguye, Daktari Munir, hata ukapatikana mchujo uitwao SONO: ndoo mbili, moja juu ya mwenziwe, zenye mchanga, makaa, vipande vya matofali, na chuma kilichotengenezwa makusudi, ambacho kutu yake huinasa ile sumu. Hautaki umeme.

Mwaka 2007 Akademia ya Taifa ya Uhandisi ya Marekani ilimpa nishani ya dhahabu na dola milioni 1. Akatangaza mgawanyo wake: asilimia 70 kuwagawia maskini michujo, 25 kuendeleza utafiti, na 5 kwa chuo chake.