Mlima Kilimanjaro: Habari Zake na za Watu Wake

Wako wengi walioiona sura ya Kilimanjaro katika picha, na wako wauonao mlima wenyewe kila asubuhi wafunguapo mlango. Lakini kuona si kujua. Leo nataka kuwaeleza jinsi mlima huu ulivyopata kuwako, jinsi watu walivyoupanda, na jambo moja ambalo yampasa kila anywaye maji yake alikumbuke.

Kwanza fahamuni ya kuwa Kilimanjaro si mlima mmoja, bali ni milima mitatu ya moto iliyoungana: Shira, Mawenzi na Kibo. Shira ndio mkongwe. Kichwa chake kiliporomoka zamani sana, na sasa umebaki uwanda mpana. Mawenzi, wenye mita 5,149, umeliwa na mvua na upepo hata umekuwa kama meno yaliyovunjika. Kibo ni mdogo kwa umri lakini mkubwa kwa kimo, mita 5,895, wala hapana mlima mwingine katika Afrika nzima uufikiao. Moto wake umelala, haukufa: katika shimo la kileleni mvuke wenye harufu ya kiberiti hutoka hata leo.

Wazee wa Kichaga huieleza sura hiyo kwa njia nyingine. Husema kwamba moto wa Mawenzi ulikuwa ukizimika mara kwa mara, naye akawa haishi kwenda kuomba kaa kwa nduguye Kibo. Siku moja Kibo akachoka naye, akatwaa mchi, akampiga kichwani. Ndiyo sababu Mawenzi ana mapengo mpaka leo.

Sasa natuje kwa habari za watu. Tarehe 11 Mei 1848, mmisionari Johannes Rebmann, aliyetoka Rabai karibu na Mombasa, aliona weupe juu ya mlima. Akamwuliza kiongozi wake ni kitu gani kile. Kiongozi hakuwa na jina la kukiita, akajibu tu kuwa ni baridi. Jibu hilo lilikuwa karibu na kweli kuliko maneno ya wataalamu wengine wa London, ambao walipozisoma habari hizo walikataa kusadiki kuwa theluji yaweza kukaa karibu na ikweta. Lakini wenyeji walikuwa wamekwisha kujua. Rebmann alisimuliwa kwamba Rungua, Mangi wa Machame, aliwahi kutuma watu wakakitazame kitu kile cheupe, akidhani labda ni fedha. Akarudi mmoja tu, mikono na miguu yake imeharibika kwa baridi.

Kilele chenyewe kilifikiwa tarehe 6 Oktoba 1889 na Hans Meyer wa Ujerumani na Ludwig Purtscheller wa Austria. Msidhani ilikuwa kazi ya watu wawili. Wapagazi waliwapandishia chakula mpaka kambi za juu, na Mwini Amani, mtu wa Pangani, alikaa pamoja nao katika baridi ile kali. Jaribio la kwanza liliwashinda. Kwa kuwa walikuwa na akiba ya chakula juu, waliweza kupumzika na kujaribu tena. Hata usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, Alexander Nyirenda akasimamisha bendera ya Tanganyika na mwenge huko juu, na kilele kikaitwa Uhuru.

Sasa nalifikia lile jambo nililoahidi. Mwaka 1912 barafu ya Kilimanjaro ilifunika kama kilomita za mraba 12. Mwaka 2011 zilikuwa hazitimii 2. Watu wengi husikitika wakisema, barafu ikiisha, mito itakauka. Lakini maji mengi ya mlima huu hayatoki katika barafu. Hutoka katika msitu, ule mshipi wa miti ulio juu ya migomba na kahawa. Huko mvua hunyesha sana, na ukungu hushikwa na majani ya miti, ukadondoka tone kwa tone ardhini. Haba na haba hujaza kibaba. Maji hayo ndiyo waliyoyaongoza mababu wa Kichaga kwa mifereji iitwayo mifongo, wakagawana kwa zamu, na aliyekataa kazi ya kuisafisha alitozwa.

Basi, barafu ile hatuwezi kuirudisha kwa mikono yetu. Msitu twaweza kuulinda. Mwezi Oktoba 2020 moto uliteketeza vichaka vingi mlimani, na watu walipigana nao siku nyingi. Moto mmoja wa mrina asali asiyeangalia, au shoka moja lisilo na ruhusa, huonekana kitu kidogo kwake aliye juu. Aliye bonde la chini ndiye atakayeona mfereji mtupu.